Sinia la Bi Kazija

Paukwa!

"Pakawa!"

Nani huyo kaitikia kama mtu anayemung'unya ugali? Hebu tena. Paukwa!

"Pakawa!"

Palikuwa na unga!

"Ukapanda!"

Palikuwa na mafuta!

"Yakapanda!"

Palikuwa na sukari!

"Hiyo usiitaje, bibi!"

Haya, siitaji. Kaeni vizuri. Choroko hizo hapo kwenye ungo, zichambueni huku mnasikiliza, maana siku hizi mie sisimulii bure. Wewe Kibibi, mawe weka huku, choroko weka kule, na mdomo ufunge. Nimekuona unatafuna mbichi.

Hapo kale, si kale ya mababu, kale ya juzi tu, palikuwa na mji ukiitwa Pandashuka. Msiniulize nani aliupa jina hilo. Tangu nianze kusikia habari zake, vya kupanda nimevisikia vingi, cha kushuka sijakisikia hata kimoja. Mji wenyewe ulikaa juu ya jiwe. Ukipiga jembe chini, jembe linalia ngwe! na mkono wote unakufa ganzi. Udongo ulikuwa bondeni, mbali, na mwenye kuutaka aliufuata kwa miguu yake na kuupandisha kwa kichwa chake.

Katika mji huo alikuwapo mwanamke jina lake Mize. Mumewe akiitwa Shaibu, fundi wa kusuka vitanda vya kamba. Shaibu alikuwa na mikono mizuri na haya nyingi. Alikuwa mtu wa kuona aibu hata kwa jambo ambalo si kosa lake. Mize haya hakuwa nazo nyingi. Alikuwa na watoto watano na hasira moja, ila hiyo moja ilimtosha.

Siku moja Mize akaenda dukani kutaka unga.

Muuza duka akasema, "Umepanda."

"Nani kaupandisha?"

"Si mie, dada yangu. Huko unakotoka."

"Huko wapi?"

"Huko."

Mize akarudi na unga kiduchu. Juma la pili akaenda kutaka mafuta.

"Yamepanda."

"Nani kayapandisha?"

"Si mie. Huko yanakotoka."

"Huko wapi, baba?"

"Huko."

Juma la tatu akaenda kutaka kile kitu msichotaka nikitaje. Hajafungua hata kinywa, muuza duka akainua mikono miwili juu, akapiga kelele, "Huko!"

Jamani! Mtu unaenda dukani unarudi na neno moja tu, tena haliliki. Mize akatembea mpaka nyumbani anasema peke yake. Akamkuta Shaibu barazani na kamba zake, hana kitanda cha kusuka, maana nani anaagiza kitanda kipya wakati sufuria haina kitu?

Mize akasema, "Baba Mcha, kila kitu katika mji huu kinapanda isipokuwa mimi na wewe."

Shaibu akatazama paa la nyumba, akatazama mnazi wa jirani, akasema, "Sasa tupande wapi, Mama Mcha?"

"Mchicha, mume wangu! Tupande mchicha!"

Msicheke. Chambueni.

Basi wakaanza. Mize alikusanya kila chombo kilichokufa: sufuria zilizotoboka, ndoo zilizopasuka, magunia, hata karai la fundi mwashi mmoja aliyehama akaliacha. Akashuka bondeni na kikapu, akapandisha udongo kichwani. Akashuka tena, akapandisha. Akashuka mara ya tatu, shingo ikakataa, akapandisha hivyo hivyo. Akaomba samadi kwa jirani mwenye mbuzi. Akapanda mchicha kwenye sufuria, bamia kwenye ndoo, matembele kwenye magunia. Ua wake mdogo, ule wa mawe matupu, ukawa kijani.

Ndani nako ilikuwa kubana. Maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa, yalinywesha bamia. Majivu ya jikoni hayakutupwa, yalipakwa kwenye majani ya mchicha ili wadudu wakale kwingine. Majani ya chai yalichemshwa mara tatu: mara ya kwanza chai, mara ya pili rangi, mara ya tatu kumbukumbu. Watoto wakalalamika. Mize akawaambia, "Nendeni mkalalamike huko." Wakauliza huko wapi. Akasema, "Huko!"

Na alikuwa na kuku mmoja. Jike, kahawia, macho makali. Mize alimwita Mniache, na jina hilo alimpa siku aliyokuwa amechoka. Mniache alitaga kila alipojisikia. Mayai mengine yakaliwa, mengine yakabadilishwa kwa chumvi na kiberiti. Ikafika siku Mize akasema imetosha, haya kumi na moja hayaliwi. Akayatia juu ya majani makavu kwenye kikapu kibovu, Mniache akakaa juu yake, akafura manyoya, asiguswe na mtu.

"Alikula nini huyo kuku, bibi?"

Alikula alichokikuta. Kama wewe.

Sikilizeni sasa. Mayai yale kumi na moja ndiyo yalikuwa kila kitu. Mize alikwisha kuyapangia. Majogoo watauzwa, matetea watataga, na wanawe watakula yai bila kugawana kwa uzi. Kila asubuhi alikuwa anachuchumaa mbele ya kikapu, anahesabu siku kwa vidole. Siku ya kumi. Siku ya kumi na tano. Ishirini na moja zikitimia, vitoto vinatoka.

Sasa tumlete Bi Kazija.

Bi Kazija alikaa nyumba ya pili, ukuta na ukuta na Mize. Mjane, mtu mzima, kanga zake zimenyooka, ua wake umefagiliwa mpaka jiwe linang'aa. Hakupanda kitu. Ukimuuliza, alisema, "Kwangu ni jiwe tupu, mwanangu, hapaoti hata laana." Na dukani haonekani. Na jikoni kwake moshi ulitoka kila siku. Watu wakashangaa.

Siri yake ilikuwa hii. Mnajua desturi yetu. Jirani akikuletea kitu kwenye chombo chake, chombo kile humrudishii hivi hivi. Unatia chochote ulichonacho, angalau kiazi kimoja, angalau vitumbua viwili. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenzio mmeishiwa na heshima humo ndani. Mnaijua?

"Tunaijua!"

Na Bi Kazija aliijua kuliko ninyi.

Siku ya kwanza alikuja kwa Mize na kibakuli. "Hodi, hodi! Jirani, nimekuonjesheni." Mize akafungua. Ndani mna nusu ya ndimu. Nusu, tena imekwisha kukamuliwa. Mize akatazama ndimu, akamtazama Shaibu. Shaibu akanong'ona, "Mama Mcha, usirudishe kibakuli cha watu kitupu." Mize akatia mayai mawili na fungu la mchicha. Wakati huo Mniache alikuwa bado anataga.

Siku ya pili Bi Kazija akaja na bakuli, lile la kulia uji. "Hodi, hodi! Jirani, nimekuonjesheni." Mize akafungua. Kashata moja, upana wa ukucha. Watoto watano wakaitazama ile kashata. Sijui mtu anaigawaje. Mie ningeitupa kisimani nikakaa zangu. Shaibu akanong'ona, "Bakuli la watu, Mama Mcha." Mize akatia bamia, akatia matembele, akatia viazi vitatu vilivyokuwa vya chakula cha mchana. Watoto wakala bada, ule ugali wa muhogo, kwa chumvi.

Na mnadhani alikuwa Mize peke yake? Mtaa mzima! Nyumba saba! Hapa kibakuli, pale bakuli, kule sufuria. Anapeleka tone, anapokea gunia. Kila nyumba ilinuna mlango ukishafungwa. Mlango ukifunguliwa, "Ahsante sana Bi Kazija, Mungu akuzidishie." Akuzidishie! Kwani alikuwa anapungukiwa? Hakuna aliyesema. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kusema. Hicho ndicho kinachonichoma roho katika kisa hiki, kuliko hata ndimu.

Ikafika siku ya kumi na nane ya Mniache.

Juma hilo nyumba ya Mize ilikuwa mbaya. Mchicha wote ulikatwa, umebaki vishina. Bamia zimekomaa, zimekuwa kuni. Kazi ya vitanda hakuna. Ndani mlikuwa na makopa kidogo, muhogo mkavu wa bada, na Mniache.

Mara, "Hodi, hodi!"

Bi Kazija huyo mlangoni. Safari hii hakuja na kibakuli. Hakuja na bakuli. Alikuja na sinia! Sinia lile la harusini, wanalolizunguka watu sita wakala wakashiba. Juu yake kawa lililosukwa kwa rangi, limefunika vizuri. "Jirani, nimekuonjesheni," akasema, akaliweka, akaenda zake na kanga zake zilizonyooka.

Watoto wakaja mbio wakalizunguka. Mmoja akasema ni pilau. Mwingine akasema nasikia harufu. Shaibu mwenyewe akasogea. Mize akashika kawa, akafunua.

Chumvi.

Chumvi ya kubana kwa vidole viwili, imewekwa katikati ya sinia juu ya jani dogo. Yule aliyesema anasikia harufu akaanza kulia.

Shaibu akatazama chini, akatazama kamba zake, akatazama kikapu kibovu pale pembeni. Mize akamwona anavyotazama.

"Usiseme, Baba Mcha."

"Sisemi. Ila sinia ni kubwa."

"Nimeona ni kubwa."

"Bi Kazija ni mtu mzima. Atasema tumemrudishia sinia kama tulivyolipokea. Mtaa utasikia."

"Mtaa usikie."

"Mama Mcha, kuku tutapata mwingine. Jina likishavunjika hulipati." Na sauti yake ikamtoka kama anaomba, maana na yeye alikuwa amebanwa. Kazi hana, na jina ndilo peke yake lililobaki.

Mize akasimama. Hasira ile moja niliyowatajia ikapanda.

"Siku tatu!" akasema. "Zimebaki siku tatu, Shaibu bin Ali! Unga ukapanda nikanyamaza. Mafuta yakapanda nikanyamaza. Nimebeba udongo kichwani mpaka nywele zimekatika utosini. Nimechemsha majani ya chai mpaka yakanionea huruma. Nimewanyima watoto mayai, watoto wangu mwenyewe, ili haya kumi na moja yatotoe. Sasa nimchinje mama juu ya wanawe kwa ajili ya chumvi? Ya vidole viwili?"

Shaibu akajibu polepole, "Basi utie nini?"

Mize akatoka uani na sinia lile, akakaa juu ya jiwe akalia. Alilia kwa hasira, na kwa njaa kidogo, na kwa aibu ya mumewe ambayo sasa ilikuwa imemwingia na yeye. Akatazama sufuria zake zilizotoboka. Mchicha hakuna. Akatazama magunia. Matembele hakuna. Akatazama ndoo. Ndani ya ndoo mna nini?

"Udongo!"

Nani kasema? Sitaki mnitangulie. Haya, udongo. Udongo mweusi, wa bondeni, uliochanganywa na samadi na majivu, laini, unanukia mvua. Mize akautazama muda mrefu. Kisha akafuta machozi kwa kanga.

Akachukua kifuu, akachota. Akatia kwenye sinia. Akachota tena, akatia. Akachota mara ya tatu, na ya nne, na ya kumi, mpaka sinia likajaa, akalisawazisha juu kwa kiganja kama anavyosawazisha wali. Akafunika kawa. Akajitwika, akaenda nyumba ya pili kabla ya alasiri.

"Hodi, hodi! Jirani, nimekurudishia chombo chako. Hakikurudi kitupu."

Bi Kazija akalipokea, mikono ikashuka kwa uzito. Uso ukachanua. "Lahaula, jirani, yote haya! Mmejitesa!"

"Tumejitesa," Mize akasema, "tena sana," akaondoka.

Ukelele wa Bi Kazija ulisikika mpaka mferejini.

Asubuhi yake, mferejini, pale kwenye bomba la mtaa, foleni ndefu. Maji yanatoka kama yanaombwa. Bi Kazija akaja na sinia kichwani, udongo wake umo, akalitua chini mbele ya wanawake wote. Mize alikuwapo, wa nne kwenye foleni, na ndoo yake.

"Tazameni!" Bi Kazija akasema. "Tazameni alichonirudishia huyu! Mie nimempelekea chakula kwa roho safi, yeye kanirudishia uchafu wa kukanyaga!"

Aliyeshika bomba siku hiyo alikuwa Bi Mboja, mwanamke mnene, sauti nene, anayesimamia zamu. Mtu akiruka foleni mbele ya Bi Mboja, alirudi nyumbani na ndoo kavu. Na vyombo vya Bi Kazija viwili vilikuwa nyumbani kwake, vinangojwa.

Bi Mboja akafunga bomba. "Bi Kazija, nijibu. Chombo kilirudi kitupu?"

"Hakikurudi kitupu, lakini—"

"Kilijaa?"

"Kilijaa, lakini—"

"Kilifunikwa?"

"Kwa kawa langu mwenyewe! Lakini—"

"Basi desturi imetimia. Ndoo inayofuata!" Akafungua bomba.

Wanawake wakaangua kicheko, wengine mpaka wakakalia ndoo zao. Kisha mmoja akanyamaza ghafla. Akafikiri. Wa pili akanyamaza. Wa tatu. Kila mmoja akakumbuka kuna chombo cha Bi Kazija nyumbani kwake. Foleni ikavunjika, na maji yenyewe wengine hawakuteka.

Hata adhuhuri haijafika, vyombo vikaanza kurudi. "Hodi, hodi! Chombo chako hiki." Kimejaa samadi ya mbuzi. "Hodi, hodi!" Kimejaa majivu. "Hodi, hodi!" Maganda ya ndizi, makumbi ya nazi, matumbo ya boga na mbegu zake, udongo, udongo, na udongo tena. Nyumba sita zilizobaki, na kila moja imefunika vizuri. Bi Kazija akawa anapokea, anasema ahsante, maana na yeye desturi ilimshika koo. Akifunga mlango anakwenda nyuma ya jiko, anamwaga, analaani. Anamwaga, analaani. Mpaka nyuma ya jiko kukawa na kichuguu kinachofika kiunoni.

Mnacheka. Na mie nilicheka nilipohadithiwa mara ya kwanza. Ila sikilizeni kilichofuata, kwa sababu hakichekeshi.

Bi Kazija akajifungia. Siku ya kwanza, moshi ukatoka jikoni kwake. Siku ya pili ukatoka kidogo. Siku ya tatu haukutoka.

Siku hiyo hiyo ya tatu Mniache alitotoa. Tisa! Mayai mawili yaliharibika, vifaranga tisa vikatoka, vya manjano na kahawia, vinalia chi-chi-chi ndani ya kikapu. Watoto wakaruka. Shaibu akachuchumaa akavitazama akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi, akasema, "Mama Mcha, ulikuwa sawa." Mize akafurahi. Alifurahi kweli. Ila alipokwenda kunyunyizia magunia maji, akatazama juu ya ukuta. Hakuna moshi.

Siku ya nne, hakuna moshi.

Siku ya tano, hakuna moshi. "Labda amesafiri," akasema Shaibu. Mize akasema, "Asafiri aende wapi? Huko?" Akawa mkali siku nzima, anagombana na sufuria. Alitamani kwenda, na hasira ikamkalisha. Kwa nini aende yeye? Yeye ndiye aliyeletewa chumvi! "Anikasirishe yeye, kisha mimi ndimi nimbembeleze?" Hivyo ndivyo alivyojisemea, na majirani wengine sita, kila mtu nyuma ya mlango wake, walijisemea vivyo hivyo. Mtaa mzima ulitazama jiko lisilo na moshi, na mtaa mzima ulinuna. Ndiyo watu tulivyo, Mungu atusamehe.

Siku ya saba, asubuhi, mlango wa Mize ukagongwa. Hakuna aliyepiga hodi. Mkono tu, tena hauna nguvu.

Mize akafungua. Bi Kazija amesimama, kanga hazikunyooka. Ameshika sinia lile lile. Halina kawa. Halina jani. Halina chumvi.

Tupu.

Wakatazamana.

"Leo sikukuonjesha kitu," Bi Kazija akasema.

"Naona."

"Sina, Mize. Sikuwa nacho toka zamani. Unga ulipopanda mara ya kwanza mie nilikuwa nimekwisha. Mtu mzima mie, nimezika mume, nimelisha watu harusini kwa sinia hili. Ningesimama mlangoni kwako nikasema nini? Nikasema nipeni? Ulimi ulikataa. Nikaona bora nije na nusu ya ndimu, mseme Bi Kazija ana kiburi, mseme ana roho mbaya, lakini msiseme anaomba."

Hasira ya Mize ilikuwapo bado, msidhani iliondoka. Kashata ile hakuisahau, na machozi ya mwanawe kwenye chumvi hakuyasahau. Akasema, "Ungesema tu sina. Siku ile ya kwanza. Tungegawana mchicha, nisingetoa mayai yangu kwa ndimu iliyokamuliwa! Nusu mwaka umetukamua sisi sote, tukawa tunakuchukia na tunakwambia ahsante!"

"Najua."

"Wanangu wamekula bada kwa chumvi!"

"Najua, mwanangu." Bi Kazija akageuza uso kuelekea nyumba yake. "Na kuna jambo jingine. Kule nyuma ya jiko, kwenye ule uchafu mlionimwagia, kumeota kitu. Kina majani mawili mawili, manene. Nimekitilia maji ya kunawia uso. Sijui ni nini. Sijapata kupanda kitu mie. Nataka uje unitazamie."

Mize akavuta kanga, akaenda. Akazunguka nyuma ya jiko. Juu ya kichuguu kile, katikati ya samadi na maganda, miche kumi na miwili imechomoza, minene, imara. Maboga! Matumbo yale ya boga waliyomtupia kwa dharau yalikuwa na mbegu, na mbegu hazikujua kama ni dharau. Na pembeni Bi Kazija ameizungushia miche vijiti, vizuri, kimoja kimoja, kwa mikono ya mtu ambaye hakula siku nne.

Mize akachuchumaa, akagusa jani, akasema, "Maboga haya. Yamebanana. Lazima uyatenganishe. Na udongo hautoshi, yatataka mwingine."

"Udongo nitautoa wapi? Bondeni siwezi kushuka."

Mize akasimama, akamgeukia. Akalitazama lile sinia, bado limo mikononi mwa mama wa watu.

"Basi niambie, Bi Kazija. Ulikuja na sinia nikutilie nini? Chakula au udongo?"

Bi Kazija akatazama miche, akamtazama Mize.

"Vyote viwili," akasema.

Mize akapiga mikono pajani. "Yallah! Huyu mwanamke!" akapiga kelele, mtaa ukasikia. "Huyu mwanamke ataniua!" Akampokonya sinia akaenda nalo kwake, anasema njia nzima. Mchicha ulikuwa umeanza kuchipua, mwororo. Akaukata wote, hakubakisha jani. Akapika, akasonga bada. Akatia upande mmoja wa sinia. Akachukua kifuu, akaenda kwenye ndoo, akachota udongo wake mweusi wa bondeni, akatia upande wa pili. Katikati akasimamisha ganda la mgomba, visichanganyike. Shaibu akaona akafungua kinywa, akataka kusema jambo kuhusu heshima. Mize akamkazia jicho, Shaibu akalishika sinia upande wa pili, maana lilikuwa zito, wakalibeba pamoja.

Wakamkuta ameketi chini, ukutani. Akala mbele yao, bila kuona haya, kwa vidole vilivyojaa udongo. Alipomaliza, Mize akamwambia, "Ikifika siku huna, njoo na chombo kitupu. Ukija na ndimu, nakufungia mlango."

Mnaniuliza maboga yalizaa? Yalizaa mpaka yakapanda ukuta, yakawaangukia watu uani. Mnaniuliza unga ulishuka? Haukushuka! Niliwaambia mwanzo sijasikia cha kushuka! Ila mjini Pandashuka, asubuhi ukipita, utaona mtu anakatiza njia na bakuli tupu mkononi, kichwa juu, anakwenda kwa jirani yake. Na jirani analalamika, anafoka, anapiga mikono pajani. Kisha anatia.

Kisa changu kimeisha. Kitamu chake mmeze, kichungu chake mteme uani kiote.

"Kiote, bibi!"

Haya, leteni hizo choroko nione. Hizi ndizo mlizochambua? Hizi? Jamani, mbona mawe ni mengi kuliko choroko!